Kuvua samaki asubuhi mbele ya bandari ya Kalemie, na namna ya kuwapika



Sisi tunaoishi kandokando ya ziwa Tanganyika tunakula samaki karibu kila juma. Tunawaona sokoni, tunawaona mu sahani, lakini wengi kati yetu hawajui namna samaki anavyotoka majini mpaka kufika mezani. Tena kuna wenzetu wengine wenye kujua kuvua, lakini wanatoka usiku peke yao, bila kuambia mutu, juu ya kutafuta franga za minerval. Kwa sababu ya mambo hayo mawili tunaandika habari hii.

Posho moja ya mwezi wa pili, sisi wanafunzi 6 wa Biokimia tulitoka pamoja na mwalimu wetu wa biolojia. Baba ya mwenzetu mmoja, muvuvi tangu utoto wake, alitupokea mu mitumbwi yake miwili. Hapa tunaeleza yale tuliyojifunza kwake, na yale mwalimu aliyotufasiria. Tunayapanga kwa hatua, ili kila mutu ayafuate.

1. ZIWA LENYEWE

Kwanza tujue maji tunayoingia. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometre 670 hivi. Kina chake kinafika metre 1.470. Katika dunia yote ni ziwa Baikal tu, kule Urusi, lenye kulipita kwa kina. Inchi nne zinagawanya maji yake: Kongo yetu, Tanzania, Burundi na Zambia. Maji yake yanatoka kwa mulango mumoja tu, ndiyo muto Lukuga, hapa hapa karibu na Kalemie. Mwingereza Cameron aliandika juu ya mulango huo katika mwaka 1874. Lukuga unapeleka maji mpaka Lualaba, na Lualaba ndiyo mwanzo wa muto Kongo. Kwa hiyo maji tunayoyaona bandarini yanaweza kufika siku moja Kinshasa, na hata baharini.

Lakini samaki hawaishi kila mahali mu ziwa hili. Mwalimu alitueleza kwamba kupita metre 100 ao 200 hivi, maji hayana tena oksijeni, yaani hewa ile samaki anapumua. Chini kule ni giza, na hakuna samaki. Basi ziwa ni kama nyumba kubwa ya magorofa mengi, lakini watu wanakaa mu gorofa ya juu tu. Mutu akisema «ziwa ni kubwa, samaki hawawezi kwisha», hajui ile.

2. SAMAKI GANI TUNAWAPATA?

Kwa Kalemie samaki wenye kujulikana sana ni hawa:

Ndakala. Ni wadogo, wanang'aa kama feza, nao wako wa aina mbili. Aina ya kwanza inafika sentimetre 10 hivi, ya pili inaweza kufika 17. Muchana wanashuka chini, usiku wanapanda juu kufuata vijidudu vidogo sana wanavyokula. Juu ya hii wavuvi wanawatega usiku kwa taa. Zamani walitumia moto wa kuni na lusenga, ni kusema wavu wa mukono wenye mupini murefu. Kisha zikaja taa za petroli, na leo wengi wanatumia taa za batri. Mwezi ukiwa mukubwa angani, samaki hawakusanyiki kwa taa, kwa sababu mwangaza uko kila pahali. Ndiyo maana siku zile wavuvi wanapumzika na kushona nyavu.

Ndugu zetu wa Bukavu na Goma watafurahi kusikia jambo moja: sambaza wanayokula kule Kivu, asili yake ni huku kwetu. Mwanzo haikukuwa mu ziwa Kivu. Ilitolewa Tanganyika na kupelekwa kule katika miaka 1958 na 1959. Ndiyo ndakala ile ya aina kubwa. Katika miaka 1967 na 1968 ikapelekwa tena Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, na huko wanaiita kapenta.

Mikebuka, ile watu wa Uvira na Burundi wanaita mukeke. Ni mwembamba, murefu, na anakula ndakala. Palipo ndakala, mikebuka hayuko mbali.

Sangala. Ni mukubwa sana, ndugu ya mikebuka. Yeye pia anakula wenzake.

Kuhe. Huyu ndiye mukubwa kuliko wote wa jamaa ya ngege. Baba na mama wanakaa pamoja kulinda watoto wao. Ukivua wazazi, watoto wanabaki mayatima, na samaki wengine wanawamaliza siku ileile.

Ngege. Mama anatunza mayai yake ndani ya kinywa, na watoto wakizaliwa wanaendelea kujificha mule. Muvuvi alitufundisha kufungua kinywa cha kila ngege tunayevuta. Tukikuta mayai ao watoto, tunamurudisha polepole majini.

3. VYOMBO VYA KAZI

Kwa kuvua na ndoana asubuhi hakuna lazima ya vitu vya bei kali. Tulikuwa na hivi:

– nyuzi ya niloni ya metre 40 kwa kila mutu, iliyozungushwa kwenye kipande cha muti;
– ndoana za kadiri, wala si ndogo sana. Ndoana ndogo inakamata watoto;
– kipande cha chuma ao jiwe dogo, juu ya kushusha nyuzi;
– chambo: ndakala mbichi na minyoo. Kwa ngege tulikuwa na bukari ya jana iliyofinyangwa kama kidonge;
– manyoya meupe ya kuku yaliyofungwa juu ya ndoana, kwa ajili ya mikebuka. Ukiyavuta juu, chini, juu, chini, mikebuka anafikiri ni ndakala;
– kasia nne, na kopo la kutolea maji;
– mufuko wa raphia wenye kulowanishwa, wa kuwekea samaki;
– jile ya kuelea kwa kila mutu. Mbili zilikosekana. Muvuvi alifunga bido mbili tupu za litre 5, zenye kufungwa vizuri na kizibo, kwa kamba mbele ya kifua. Alisema si kama jile ya kweli, lakini ni bora kuliko kuingia mikono mitupu.

Mbele ya kutoka, mwalimu alikwenda kwa wakubwa wa bandari kuomba ruhusa. Hairuhusiwi kuvua katikati ya maboti kwenye ki, wala pale yanapopita. Bandari ya Kalemie ni ya kazi tangu zamani. Njia ya reli ilifika huku katika mwaka 1915, na tangu hapo mizigo inatoka mu treni kuingia mu boti. Mutumbwi mudogo mbele ya boti kubwa haionekani.

4. KWA NINI ASUBUHI?

Tuliondoka saa kumi na moja na nusu, bado giza kidogo. Wengi waliuliza kwa nini mapema hivi. Sababu ni ya fizika, na tunaomba wenzetu wa darasa la tatu waifuate vizuri.

Usiku udongo unapoa haraka kuliko maji. Hewa ya juu ya udongo inakuwa baridi na nzito, inatelemuka toka milima kwenda ziwani. Ndio upepo ule unaosukuma mitumbwi kwenda ndani, na maji yanalala tuli. Jua likipanda, udongo unapata moto mbele ya maji. Hewa ya inchi kavu inapanda juu, na hewa ya ziwani inakuja kuchukua nafasi yake. Basi upepo unageuka, unatoka ziwani kuja pwani, na mawimbi yanaanza kuamuka. Hapa kwetu mabadiliko yale yanakuja mara nyingi kati ya saa tatu na saa tano. Muvuvi mwenye akili anamaliza kazi yake mbele ya pale.

Kati ya upepo wa kwanza na wa pili kuna wakati mufupi hewa inasimama kabisa. Ziwa linakuwa kama kioo. Mugeni anafurahi, anasema «sasa ni vizuri». Muvuvi anaanza kukunja nyuzi.

5. KAZI YENYEWE

Kwanza tulikaa karibu na mawe, upande wa inje ya bandari, mahali pa metre 6 ao 8 za kina. Unashusha nyuzi mpaka jiwe linagusa chini, kisha unainua kidogo, kadiri ya mukono mumoja. Unashika nyuzi juu ya kidole cha shahada. Samaki akigonga mara moja, usivute. Anaonja. Akigonga mara ya pili na kuondoka na chambo, hapo unavuta kwa ghafula lakini bila kurusha mukono mbinguni, kisha unakusanya nyuzi bila kuiacha kulegea. Nyuzi ikilegea, samaki anatapika ndoana.

Ni lazima kukaa, si kusimama. Mutumbwi unapinduka juu ya mutu mwenye kusimama kwa furaha. Mwenzako akikamata samaki mukubwa, mwengine anaegemea upande wa pili. Hakuna kucheka na kusukumana.

Kuna vitu viwili vya kuogopa kwenye mawe. Cha kwanza ni nyoka ya maji, ndugu ya fira, anayekaa mu mawe na kula samaki. Hana kazi na mutu akiachwa, lakini ana sumu kali. Mukono usiingie katikati ya mawe kutafuta ndoana iliyonasa: kata nyuzi. Cha pili ni samaki ya umeme. Ni munene, laini, hana magamba, na anapiga kama kuransi. Ukimuvuta, usimushike. Muvuvi alitumia muti mukavu kumusukuma inje ya ndoana. Upande wa mulango wa Lukuga kuna tena mamba na viboko, na sisi hatukukaribia kule.

Saa moja na nusu tulisogea mbele, mahali pa kina, kutafuta mikebuka na manyoya yetu. Nusu saa nzima hatukupata kitu. Kisha tuliona ndege weupe wanashuka na kugonga maji. Muvuvi akasema: «Batoto, angalieni ndege. Ndege hasome, lakini anajua kuliko siye.» Tulipiga kasia kwenda pale, na mikebuka wakaanza kugonga moja baada ya moja.

Saa tatu hivi hewa ilisimama. Muvuvi akasema: «Kunjeni, tunarudia.» Mwenzetu mumoja akamuomba: «Papa, tuongeze dakika kumi tu, iko yanakula muzuri.» Papa hakukasirika. Akajibu: «Mwanangu, samaki ya leo ukimuacha, kesho iko. Weye ukibakia humu, kesho hauko.» Tulikunja. Tulipofika karibu na muchanga upepo uligeuka, na mbele ya kumaliza kuvuta mitumbwi inje, mawimbi yalikuwa yanapiga mawe na kurusha povu juu. Tuliona mutumbwi mumoja wa watu wengine uko bado mbali. Walihangaika karibu saa nzima, wakitoa maji na makopo, mpaka wakafika mbali na pale walipotokea. Wote walifika wazima, tunamushukuru Mungu. Lakini hakuna hata mumoja wao aliyekuwa na jile.

Hesabu yetu ilikuwa hivi: mikebuka 9, ngege 5, kuhe 1. Tulirudisha majini ngege 2 wenye watoto kinywani na samaki wadogo 11. Mwalimu aliandika yote mu kaye.

6. KUTUNZA SAMAKI TOKA MAJINI MPAKA NYUMBANI

Samaki anaanza kuoza mara tu anapokufa, na jua la saa ine linaharakisha mambo. Juu ya hii usimuache kulala mu maji ya moto chini ya mutumbwi. Muue upesi kwa kumupiga nyuma ya kichwa, muweke mu mufuko wenye kulowana, funika kwa majani ya ndizi, na tia kivulini. Maji yakikauka juu ya mufuko yanachukua joto pamoja nayo, na ndani kunabaki baridi kidogo. Ni ile ile akili ya mutungi wa udongo.

Ukinunua sokoni, angalia alama nne: jicho liwe safi na lenye kuvimba, si kuzama; mashavu ya ndani yawe mekundu; nyama ukiibonyeza kwa kidole irudie mahali pake; na harufu iwe ya maji, si ya kuoza.

Kutengeneza kunafuatana hivi. Toa magamba kwa kukwaruza toka mukia kwenda kichwa. Kata mapezi, kwa maana yanachoma. Pasua tumbo toka chini mpaka karibu na kichwa, lakini ncha ya kisu isiingie sana. Pale kuna nyongo, kimufuko kidogo cha rangi ya majani. Ikipasuka, samaki mzima anakuwa uchungu. Toa matumbo na mashavu ya ndani, osha mara mbili.

Hapa kuna neno moja kubwa. Kalemie na miji mingine ya kandokando ya ziwa inajulikana tangu miaka mingi kama mahali kolera inapenda kurudi. Maji ya ziwa karibu na nyumba yana uchafu wa watu. Kuosha samaki na maji yale mbele ya kumupika kunaweza kukubaliwa, kwa sababu moto utaua mikrobi. Lakini tomati ao vitunguu vya kula bila kupika, masahani, na mikono, viwe na maji yenye kuchemushwa ao yenye kutiwa dawa ya klori. Tena mutu asisimame muda murefu mu majani ya maji kandokando: konokono wa pale wanaleta bilarziozi.

7. KUWAPIKA

Tulikuwa watu 10 kwa kula, pamoja na mama ya mwenzetu aliyetuonyesha. Tulipika kwa namna mbili.

Namna ya kwanza: mikebuka wa kukaanga. Kata kila mikebuka vipande viwili, piga mistari mitatu ya kisu ubavuni, paka chumvi na maji ya ndimu, acha dakika 15. Kisha panguza kila kipande kikauke. Watu wengi wanaacha hii. Maji yakiingia mu mafuta yenye moto, yanageuka mvuke kwa ghafula na kurusha mafuta machoni. Weka mafuta mu kikaango juu ya mbabula. Jaribu kwa kipande cha kitunguu: kikicheza na kupiga kelele, mafuta iko tayari, yakitoa moshi, yamezidi. Weka vipande vichache kwa mara moja, kwa maana vingi vinapoza mafuta, na samaki anakunywa mafuta badala ya kukauka. Usigeuze mbele ya wakati. Ngozi ikishika, itajiachilia yenyewe. Dakika 4 ao 5 kila upande zinatosha.

Namna ya pili: ngege na kuhe wa muchuzi wa mawese. Vitu ni hivi: vikombe viwili vidogo vya mafuta ya mawese, vitunguu 4, tomati 10, seleri kidogo, pilipili moja nzima, chumvi. Pasha mawese polepole, bila kuiacha kugeuka nyeupe. Tia vitunguu mpaka vilegee. Tia tomati zilizokatwa, funika, acha dakika 15 mpaka maji yake yaishe na mafuta yaonekane juu. Hapo tu ongeza maji ya moto vikombe viwili na chumvi. Yakichemuka, panga samaki, wale wanene chini, wembamba juu. Pilipili inaelea nzima, isipasuke, ili watoto pia waweze kula. Funika, punguza makala, acha dakika 20.

Tangu samaki anapoingia, mwiko haurudi tena mu chungu. Nyama ya samaki haina nyuzi ngumu kama ya mbuzi. Ukikoroga, utakula miiba na supu. Mama alishika chungu masikio mawili na kuitikisa kidogo tu. Alituambia: «Samaki hapigwe mwiko, anabembelezwa.» Akiwa tayari, nyama inatoka kwa mufupa bila kulazimishwa, na jicho linageuka jeupe kama chaki.

Tulikula na bukari ya muhogo na lengalenga. Kichwa cha kuhe alipewa Papa, na wote waliona ni haki. Sehemu moja ya mikebuka ilibaki kwa mwenye mitumbwi kwa ajili ya nyumba yake, maana ziwani chombo pia kina fungu lake.

8. JE, TUTAKULA SAMAKI MPAKA LINI?

Tulipokuwa tunakula, Papa alitueleza kwamba katika ujana wake mutu na ndoana mbele ya bandari alijaza kikapo mbele ya jua kupanda. Leo sisi watu 8 tulipata 15. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni nyavu. Tangu miaka ya 1950 maboti makubwa yenye nyavu za kuzungusha yalianza kuvua huku kwa taa, nao sangala wakubwa wakapungua sana. Leo maboti yale hayako tena kama zamani, lakini mitumbwi imeongezeka kwa sababu watu wameongezeka. Na mubaya kuliko yote ni nyavu za matundu madogo na vyandarua vya kulalia vinavyovutwa kandokando. Watoto wa sangala wanakulia mu majani ya pwani, na ndakala wadogo vilevile wanakaa karibu na inchi kavu. Mutu anayevuta chandarua pale anajaza ndoo moja ya watoto. Wangekua, ndoo moja ile ingekuwa mitumbwi mingi.

Sababu ya pili si ya wavuvi. Ziwa limepata joto. Katika mwaka 2003 wanasayansi walitangaza utafiti wao juu ya Tanganyika. Maji ya juu yakipata moto yanakuwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na maji baridi ya chini. Lakini chini ndiko kuna mbolea. Mbolea isipopanda, vijidudu vya juu vinapungua, ndakala wanakosa chakula, na mikebuka wanakosa ndakala. Walihesabu kwamba chakula kile cha mwanzo kimepungua kwa sehemu 20 katika 100 hivi, na kwamba samaki wanaweza kupungua kwa 30 hivi katika 100.

Inchi nne zimeanza kusikilizana. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu 15 mwezi wa tano mpaka 15 mwezi wa nane, ili samaki wazae na kukua. Ni jambo gumu kwa jamaa yenye kuishi kwa wavu tu: miezi mitatu bila kazi, na watoto wako masomoni. Hatusemi kwamba ni rahisi. Tunasema tu kwamba samaki hajui mipaka. Ndakala aliyelindwa kule anaweza kuvuliwa huku, na wetu vilevile. Upande mumoja ukilinda na mwengine ukimaliza, kazi ni bure.

9. NENO KWA WENZETU

Sasa tunarudi kwa wale wanafunzi wanaotoka usiku. Tunawajua. Wanasinzia saa ya kwanza na ya pili, macho mekundu kwa moshi ao kwa taa, na mikono yenye kukatwa na nyuzi. Wengine wanawacheka. Sisi tunaomba wasichekwe. Si wavivu, wanafanya kazi ya watu wazima ili wabaki darasani. Lakini tumeona kwa macho yetu namna upepo unavyogeuka, na ile ilikuwa muchana, pamoja na muvuvi wa miaka mingi. Usiku, peke yako, mu mutumbwi wa kuazima, ni nani atajua kwamba haukurudi?

Juu ya hii tunawaomba wote mambo mane:

Moja: mutu asitoke bila kuambia mumoja nyumbani ao internat ni wapi anakwenda na saa gani atarudi.

Mbili: asitoke bila jile. Kama hakuna, bido tupu mbili zilizofungwa vizuri.

Tatu: asivute chandarua pwani, hata kama franga zake zinaonekana haraka. Ndoana yenye kadiri, ngege mwenye watoto anarudishwa.

Ine: mwenye shida ya minerval asinyamaze. Mwalimu wetu amekubali kusikiliza kila mumoja bila kutangaza jina, na kupeleka maneno kwa Perefe, ili walipe kidogo kidogo. Kazi ya posho, muchana, pamoja na muvuvi mukubwa, inawezekana. Kazi ya usiku katikati ya juma inakula masomo, na siku moja inaweza kula mutu.

Wenye kutaka kujifunza kuvua na ndoana waandike majina yao kwa mwalimu wa biolojia. Papa amesema yuko tayari kupokea wengine 6 kila mwezi, ziwa likikubali. Mwenye kuja alete nyuzi yake, na asikawie: saa kumi na moja na nusu mutumbwi unaondoka.

Wanafunzi wa Biokimia, darasa la tano